Jenereta, Betri na Riziki ya Muuza Chakula

Kuna mapishi ya nyumbani na kuna mapishi ya njiani, na mji wenye uhai hauna budi kuwa na yote mawili. Hapa kwetu pwani muuza kahawa alikuwa mkahawa mzima uendao kwa miguu: mkono mmoja dele la shaba na makaa yake chini, mkono wa pili vikombe visivyo vipini, na mlio wa vikombe hivyo vikigongana ndio uliokuwa tangazo lake. Mtu aliyeketi barazani alimsikia kabla hajamwona. Wenzake walikuwa wauza mahamri na mbaazi, mishikaki, viazi vya karai, mihogo na madafu, na magharibi ilipoingia walipiga pampu taa zao za karabai, njia ikang'aa.

Siku hizi mapishi ya njiani yamepanda gari. Nairobi, na katika miji mingi ya dunia, utaona gari lililokatwa ubavu likafanywa dirisha, na ndani mna jiko, jokofu, mashine ya kusagia matunda, taa za rangi na hata redio. Vitu hivi vyote vyataka umeme, na gari lililosimama kando ya njia halina nyaya za umeme. Kwa hiyo nyuma ya gari, au chini yake, au katikati ya kijia cha wapita njia, huwekwa jenereta ikanguruma tangu jioni hadi usiku mkubwa. Muuzaji hupaza sauti kumwuliza mteja kama ataka pilipili, na mteja humjibu kwa kichwa.

Sasa yamezuka mazungumzo, hasa huko Marekani, juu ya kuwasaidia wauza chakula waziache jenereta za petroli na dizeli, washike betri. Wengi wanalitazama jambo hili kuwa ni la mafundi: betri gani ina nguvu, ipi yadumu. Mafundi wana kazi yao na wameifanya vizuri. Lakini ukilichungua sana utaona ni jambo la riziki na la haki. Lina maswali mawili: nani atalipa gharama ya mwanzo, na je, muuzaji ana hakika kwamba kesho atakuwa pale alipo leo? Asiyeyajibu maswali hayo hataondoa jenereta hata moja barabarani.

WALIOTANGULIA

Gari la chakula si jambo la jana. Mwaka 1872, katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island, mtu aitwaye Walter Scott alianza kuuza chakula cha usiku kwa gari la kukokotwa na farasi. Wateja wake wakubwa walikuwa wafanyakazi wa magazeti, watu ambao kazi yao humalizika wakati mikahawa imekwisha kufungwa. Mwaka 1974 Raul Martinez, mhamiaji kutoka Mexico, alichukua gari la zamani la aiskrimu mjini Los Angeles akaligeuza kuwa jiko la kuuzia taco. Mwaka 2008, katika mji huo huo, Roy Choi, aliyezaliwa Korea, na wenzake walianzisha gari liitwalo Kogi, wakatia nyama ya Kikorea ndani ya taco ya Kimexico, wakawaita wateja kwa mtandao wa Twitter. Baada yao magari ya chakula yalienea Marekani nzima.

New York nayo ina vigari vyake vidogo vya pembe za barabara. Mwaka 1990 wahamiaji kutoka Misri walifungua kibanda cha soseji kwenye makutano ya Barabara ya 53 na Sixth Avenue. Waliona madereva wa teksi Waislamu wakizunguka usiku wakitafuta chakula cha halali wasikipate, nao wakageuza biashara wakapika kuku na wali. Leo wali huo ni chakula cha mji mzima, wala haulizwi mtu dini yake.

Msomaji ataona kwamba karibu kila mmoja wao alikuwa mgeni, au maskini, au yote mawili. Gari la chakula ni mlango wa asiye na mtaji wa kufungua mkahawa. Ni kazi ya mgaagaa na upwa, ambaye hali wali mkavu. Kwa sababu hiyo, sheria yoyote au msaada wowote unaoligusa gari hilo wamgusa mtu ambaye hana akiba ya miezi sita benki. Hilo tuliweke akilini tunapoendelea.

JENERETA YATAFUNA NINI?

Hebu tuifanye hesabu, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Chukua jenereta ndogo ya petroli ya kiasi cha wati 2,000, ya aina ile inayosifiwa kwa ukimya wake. Tangi lake huingia lita 3.6. Ikibeba mzigo wake wote wa wati 1,800, tangi hilo huisha kwa muda wa saa tatu na kidogo. Ikibeba robo tu ya mzigo, yaani wati 450, huenda saa nane. Piga hesabu utaona kwamba kwa mzigo wote, lita moja hutoa kama yuniti moja na nusu ya umeme, na kwa robo ya mzigo lita moja hutoa yuniti moja tu. Na lita moja ya petroli ina nguvu ya joto ipatayo yuniti tisa! Maana yake ni kuwa katika sehemu tisa alizozinunua muuzaji, nane zimetoka kuwa joto, moshi na makelele.

Sasa, muuza chakula wa kawaida huitumia jenereta yake kwa namna gani? Vyakula vingi vya njiani hupikwa kwa gesi au makaa. Umeme watakiwa kwa taa, jokofu, kipeperushi cha kutoa moshi wa jikoni, simu ya kupokelea malipo, na mashine ya kusagia inayofanya kazi dakika chache kisha ikapumzika. Taa za kisasa hula wati kumi kila moja, na jokofu dogo halizidi mia na kitu. Kwa hiyo muda mwingi jenereta iko katika ile robo ya mzigo, mahali penye hasara kuliko pote. Ni kama kukodi lori kwenda kuchukua kikapu cha ndimu.

Tuilete hesabu hiyo kwa shilingi zetu. Katika nusu ya pili ya mwaka 2025 lita ya petroli mjini Nairobi ilikuwa zaidi ya shilingi 180. Muuzaji anayepata yuniti moja kwa lita moja amenunua umeme kwa shilingi 180 yuniti, hali jirani yake mwenye duka na mita hulipa kati ya shilingi 20 na 35 kwa yuniti ile ile. Mwenye kibanda, aliye duni, anunua umeme kwa bei mara tano au zaidi ya ile ya mwenye duka. Haendi kwa karani kuulipa. Auchota kwa kidumu kila jioni, ndiyo maana hauoni ukubwa wake. Wahenga walinena: chovya chovya yamaliza buyu la asali.

Na hiyo ni hasara ya mfuko tu. Iko na ya mwili. Moshi wa jenereta una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu, nayo huua. Nchini Marekani peke yake watu wapatao mia moja hufa kila mwaka kwa hewa hiyo kutokana na jenereta za kubebeka, wengi wao wakiwa wameziwasha ndani ya nyumba au mahali palipozibika. Barabarani upepo humsaidia muuzaji, lakini yeye ndiye asimamaye hatua mbili tatu kutoka kwenye moshi, usiku baada ya usiku. Iko pia haki ya jirani. Mgonjwa aliyelala ghorofani, mtoto asomaye kwa ajili ya mtihani, mteja mwenyewe aliyekuja kula na kuzungumza, wote hao hawakuuziwa makelele, lakini wamepewa.

KWA NINI BASI HAWAACHI?

Mtu aweza kuuliza: ikiwa hasara ni wazi namna hii, kwa nini muuzaji asinunue betri leo? Jibu ni kwamba mnunuzi wa kibaba hawezi kununua gunia, hata kama gunia ni rahisi zaidi. Tuseme muuzaji hutumia yuniti tatu kila usiku. Kwa petroli ni shilingi 540. Kwa betri aliyoijaza kwa umeme wa nyaya, hata tukihesabu kile kinachopotea katika kuijaza na kuitoa, ni kama mia moja. Atabakisha zaidi ya mia nne kila usiku, na akifanya kazi siku 26 kwa mwezi ni zaidi ya elfu kumi na moja. Ikiwa betri ya kumtosha, pamoja na mtambo wake wa kugeuza umeme, itamgharimu shilingi 120,000, basi itajilipa kwa muda usiofika mwaka mmoja. Na betri nzuri za aina ya chuma na fosfeti hustahimili kujazwa na kumalizwa mara elfu kadhaa, yaani miaka mingi ya kazi.

Hesabu hiyo ni tamu kwenye karatasi. Lakini laki na ishirini elfu itoke wapi kwa mtu ambaye faida ya leo ndiyo nyama na unga wa kesho? Mkono mtupu haulambwi. Benki hutaka rehani, na rehani ya muuzaji ni kikaango. Jenereta, ijapokuwa ni mlaji, haikumtaka laki. Ilimtaka vichache kuinunua na lita tatu kwa siku. Umaskini una bei yake, na bei hiyo hulipwa kwa vipande vidogo vidogo visivyoisha.

Jimbo la California limejaribu njia ya sheria. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 Gavana Gavin Newsom alikuwa mezani na mswada wa mashine ndogo za petroli, na mwezi huo huo akautia sahihi. Desemba ya mwaka huo halmashauri ya hewa ya jimbo ilipitisha kanuni: mashine nyingi ndogo mpya, kama za kukatia nyasi, zisitoe moshi kuanzia zile za mwaka 2024, na jenereta zipewe muda hadi 2028. Kanuni hiyo haimnyang'anyi mtu jenereta aliyo nayo. Yahusu mpya zitakazouzwa. Hata hivyo funzo lake ni wazi. Serikali yaweza kukiondoa kitu dukani kwa sheria, lakini sheria peke yake haimtii mtu fedha mkononi za kununulia kilicho badala yake. Jenereta kuukuu zitazidi kutengenezwa na kutengenezwa tena, na jenereta kuukuu ndiyo yenye moshi mwingi zaidi.

New York nayo ilijaribiwa kwa njia ya zawadi. Mwaka 2015 kampuni iitwayo MOVE Systems ilitangaza kigari kipya chenye gesi, betri na mabamba ya jua, na ikasema 500 vya kwanza vitatolewa bila malipo. Zaidi ya miaka kumi imepita, na jenereta bado zanguruma kwenye pembe za Manhattan. Zawadi inayomtaka mtu abadilishe jiko lake zima ni ngumu kupokewa kuliko zawadi inayobadilisha kile kitu kimoja kinachomsumbua.

BETRI YA KUKODI

Njia inayonipa matumaini imetokea mahali pasipotazamiwa: kwa wapanda baiskeli. New York ina makumi ya maelfu ya vijana, wengi wao wahamiaji, wanaopeleka chakula majumbani kwa baiskeli za umeme. Walikuwa wakizijaza betri zao usiku vyumbani mwao, na nyingi zilikuwa za bei rahisi zisizothibitishwa. Wazee wetu walisema rahisi haihalisi. Mwaka 2023 betri za namna hiyo zilisababisha mioto 268 katika mji huo na watu 18 wakafa. Mji ukatunga sheria kwamba baiskeli za umeme na betri zinazouzwa au kukodishwa ziwe zimepimwa na kuthibitishwa. Mwaka uliofuata ukaanza jaribio la vituo vitano vya kujazia betri nje, barabarani, kwa wapeleka chakula mia moja.

Mojawapo ya kampuni zilizoshiriki jaribio hilo ni PopWheels ya Brooklyn. Yenyewe yaweka makabati yenye betri zilizojaa. Mpanda baiskeli huleta iliyokwisha, akachukua iliyojaa, akaenda zake. Hainunui betri, hulipa ada ya kuitumia. Baadaye wakaona kwamba betri chache za baiskeli zikiunganishwa zaweza kubeba taa na vyombo vya kigari cha chakula kwa siku nzima ya kazi, wakajaribu, na kigari kikafanya kazi bila jenereta.

Uzuri wa njia hii hauko katika betri. Uko katika namna ya malipo. Yule asiyeweza kununua gunia amepewa ruhusa ya kuendelea kununua kibaba, ila safari hii kibaba ni cha haki. Alipe kila siku kama alivyozoea kulipia petroli, na alipe pungufu kidogo, naye atahama mwenyewe bila kusukumwa. Hatari ya betri kuchakaa huibeba mwenye makabati, ambaye ana mtaji na mafundi. Hatari ya moto nayo hupungua, kwa kuwa betri hujazwa ndani ya kabati la chuma lililo nje, mbali na matandiko ya watu waliolala.

Isidhaniwe kwamba njia hii yafaa kila gari. Gari kubwa lenye tanuri la umeme, kikaango cha umeme na mtambo wa kupoza hewa hula yuniti nyingi mno kwa siku, na betri ya kumtosha ni mzigo wa mamia ya kilo. Kwa magari hayo dawa ni kuhamisha mapishi yabaki kwenye gesi na kuiachia betri taa na majokofu, au kupatiwa mahali penye umeme wa nyaya. Na hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno.

MAHALI NA KIBALI

Mji wa Portland, jimbo la Oregon, una desturi ya kuvikusanya vigari vya chakula kwenye viwanja, vikakaa pamoja miezi na miaka, vikiunganishwa na umeme wa mji. Singapore ilifanya zaidi. Kati ya mwaka 1971 na 1986 serikali yake iliwahamisha wauza chakula wa barabarani, ikawaingiza katika masoko yenye paa, maji na umeme. Watu wakaendelea kula vyakula vile vile vya bei nafuu, na mwaka 2020 shirika la UNESCO liliutia utamaduni huo wa wauza chakula katika orodha ya urithi wa wanadamu. Aliyepewa mahali hahitaji jenereta. Jenereta ni alama ya mtu asiyepewa mahali.

New York yatuonyesha upande wa pili. Mwaka 1983 mji huo uliweka mpaka kwamba vibali vya vigari vya chakula visizidi 3,000 hivi. Wauzaji waliongezeka, vibali havikuongezeka. Basi waliokuwa navyo wakavikodisha kwa siri kwa maelfu ya dola, na wanaopika wakawa si wenye vibali. Mwaka 2021 baraza la mji lilipitisha sheria ya kuongeza leseni 445 kila mwaka kwa muda wa miaka kumi, lakini zilitoka polepole. Sasa jiulize: mtu anayepika chini ya kibali cha mwingine, ambacho chaweza kuondolewa mwakani, au asiye na kibali kabisa na aishi kwa kumwangalia askari, atatia mali yake katika betri ya miaka kumi? Atanunua kitu ambacho akikimbia aweza kukiacha. Jenereta kuukuu yaachika.

Hili ndilo ambalo wenye nia njema hulisahau. Wao huja na betri, na muuzaji huwatazama akiwaza juu ya lori la askari. Betri ni ahadi ya muda mrefu, na mtu asiye na hakika ya wiki ijayo hawezi kuweka ahadi ya miaka. Anayetaka kumsaidia muuza chakula kuacha jenereta na aanze na kibali, kisha mahali, kisha ndipo betri.

NA SISI JE?

Sisi wa Kenya twaweza kudhani kuwa haya ni mambo ya matajiri wa ng'ambo. Lakini tukitazama vizuri tutaona kwamba katika mambo matatu tumewatangulia wengi wao.

Kwanza, umeme wetu. Kiasi cha tisa kwa kumi cha umeme wa gridi ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, na maji, na upepo wa Ziwa Turkana, na jua. Muuzaji wa Kenya akiijaza betri yake kwenye nyaya, hatakuwa amehamisha moshi kutoka barabarani kuupeleka kwenye kinu cha makaa ya mawe mahali pengine. Moshi utakuwa umekwisha kweli.

Pili, kubadilishana betri si jambo geni kwetu. Pikipiki za umeme za abiria zimekwisha kuwa nyingi Nairobi, na waendeshaji wake hubadilisha betri vituoni kwa dakika chache bila kuinunua hiyo betri. Mwaka 2023 Rais William Ruto alizizindua pikipiki kama hizo hapa Mombasa. Betri ibebayo watu wawili kupanda mlima haiwezi kushindwa na taa sita na jokofu la soda. Kinachokosekana ni kebo, mtambo mdogo wa kugeuza umeme, na mapatano kati ya wenye vituo na wauza chakula.

Tatu, bei. Mwaka huo huo wa 2023 mamlaka ya kawi iliweka bei maalumu ya umeme kwa vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa yuniti kabla ya tozo nyingine, na nane katika saa za usiku ambazo watu wengi wamelala. Bei hiyo ilitungwa kwa ajili ya magari na pikipiki. Je, betri ya kuendesha kigari cha mihogo ina dhambi gani hata isitendewe vivyo hivyo? Hujazwa katika kabati lile lile, saa zile zile. Iandikwe tu kwamba nayo imo.

Lililobaki liko mikononi mwa serikali za kaunti. Katiba ya 2010 iliwapa kaunti masoko na leseni za biashara, na kanuni za makelele za mwaka 2009 zipo kwenye vitabu. Ni rahisi kwa kaunti kukichukua kitabu hicho cha makelele, kumtuma askari, na kuzikusanya jenereta zote kwa usiku mmoja. Tutapata kimya, na wanawake waliokuwa wakisomesha watoto kwa viazi vya karai watarudi nyumbani na giza. Kimya cha namna hiyo si maendeleo.

Njia bora ipo, wala haitaki mamilioni. Kaunti itazame mahali ambapo watu wamekwisha kuzoea kwenda kula. Mombasa twapajua: ufuo wa Mama Ngina, uliofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa mwaka 2019, ambako familia huenda jioni kula kachri na mihogo na kunywa madafu wakipunga upepo. Mahali kama hapo, na penginepo katika kila mji, pawekwe nguzo zenye soketi na mita, kila muuzaji alipe alichotumia. Pale nyaya zisipofika, awekewe kabati la betri za kukodi. Kibali chake kiandikwe kwa jina lake yeye apikaye, kidumu angalau miaka mitatu, ili chama cha akiba na mikopo kikione kibali hicho kama dhamana. Betri zote zipimwe na shirika la viwango kabla ya kuuzwa, tusingojee maiti 18 ndipo tutunge sheria. Na marufuku ya jenereta, ikiwa lazima ije, ije mwisho, baada ya yote hayo kuwa tayari, si mwanzo.

Wauzaji nao wana sehemu yao. Mmoja mmoja hawatasikizwa na mwenye vituo vya betri, kwani biashara yake ni wingi. Wakijiunga ishirini au thelathini wa barabara moja, wakamwendea na hesabu ya lita wanazozitia kila usiku, atawaletea kabati mlangoni. Waanze kwa kuandika. Kila jioni aandike alichonunua cha petroli, na mwisho wa mwezi ajumlishe. Nina hakika wengi watastaajabu kuona kwamba yule mfanyakazi wao wa kelele nyuma ya gari ndiye aliyekuwa akilipwa mshahara mkubwa kuliko wote, kuliko hata mwenye gari.